Marejea haipimwi kwa mfuko wa urea

Bei ya mbolea ya dukani ikipanda, mahubiri ya mbolea ya kijani hurudi redioni. Ndivyo ilivyokuwa hapa Tanzania mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotua juu ya misukosuko ya korona na mfuko wa urea wa kilo 50 ukavuka shilingi 120,000. Ghafla tukakumbushwa kwamba nitrojeni imejaa hewani bure, kwamba mkulima akipanda mikunde na kuifukia hana haja ya kupanga foleni kwa wakala. Agosti mwaka huohuo serikali ikazindua ruzuku, mfuko ukashuka hadi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa, na mahubiri yakapoa. Kenya nako ruzuku ilishusha mfuko hadi shilingi 2,500 za kwao mwaka 2023, na sijasikia mtu akigombania mbegu za mikunde tangu hapo.

Wahubiri walijikaanga wenyewe. Ukimwambia mkulima apande marejea, mkunde wetu maarufu wa mbolea ya kijani, kwa sababu urea ni ghali, umemwambia pia aiache siku urea itakaposhuka. Na kwa bei ya ruzuku, kama tunachohesabu ni nitrojeni peke yake, mbolea ya kijani hushindwa mara nyingi. Ninayoyaandika hapa si ya kuipinga. Naamini ina faida kubwa, hasa kwa anayelima matunda, ila faida hiyo imekaa sehemu ambazo hesabu ya mfuko haifiki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mbolea ya kijani ni mmea unaopandwa ili ukatwe ungali mbichi na kurudishwa ardhini, kwa kufukiwa au kwa kutandazwa juu. Kwetu inayojulikana zaidi ni marejea. Ipo pia fiwi, ambayo kaskazini wengi wanaiita ngwara na Wakenya njahi, ipo mbaazi, ipo na ile jamii ya upupu usiowasha, ambayo watu huikwepa kwa jina tu kabla hawajaiona. Yote ni mikunde. Kwenye mizizi yake huota vinundu vyenye bakteria wanaogeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Ukitaka kujua kama kazi inafanyika, usisubiri afisa ugani. Ng'oa mche mmoja taratibu kwa jembe, chambua udongo, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa na wekundu, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, mkunde huo unakula nitrojeni ya shamba lako kama magugu mengine. Kwenye udongo mchachu usio na fosfati hali hii ya pili ni ya kawaida, na ndiyo maana mtu anaweza kupanda mikunde misimu miwili asione tofauti yoyote, akaapa kwamba ni uongo wa wazungu.

Historia yetu ya marejea ina somo ambalo halijasomwa vizuri. Katika miaka ya 1980 watawa Wabenediktini wa Peramiho, Ruvuma, waliisambaza kwa nguvu kwa wakulima wadogo. Ruvuma wakati huo ilikuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, na mahindi yale yalisimama juu ya mbolea ya ruzuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku iliondolewa. Ungetegemea marejea ishike kila shamba. Haikushika. Ilibaki kwa wachache walioipenda, na sababu haikuwa ujinga wa mkulima. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Marejea inataka miezi mitatu hivi ya mvua hiyohiyo ambayo mahindi yanaitaka. Kumwambia mwenye ekari mbili ailishe ardhi ekari moja mwaka mzima ni kumwambia nusu ya nyumba ikale kwa jirani. Ukiichanganya na mahindi, ikikua haraka inayafunika. Ukichelewa kuipanda, mvua inakata kabla haijafika kiunoni. Kuna walioweza, lakini kanuni ilikuwa kwamba gharama ya marejea kwenye mahindi ni msimu, na msimu ni chakula.

Shamba la matunda halina mgogoro huo. Chukua parachichi aina ya Hass, zao lililobadilisha Njombe na Rungwe katika miaka hii. Ukipanda kwa nafasi ya mita saba kwa saba, ekari inabeba miche kama 82. Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili ukiuachia duara la mita moja kila upande, miche yote pamoja inashika chini ya sehemu moja ya kumi ya ekari. Ardhi iliyobaki iko wazi na itaendelea kuwa wazi, ikipungua kidogokidogo, mpaka matawi yakutane. Matunda ya kwanza ya kuuzwa huja mwaka wa tatu au wa nne. Katika muda huo wote mwenye shamba analipa palizi ya ardhi isiyompa kitu.

Najua jibu la Njombe: katikati tunapanda viazi. Ni kweli, na kwa mwenye shida ya fedha sithubutu kumkataza. Lakini viazi vinataka matuta, na matuta yanataka jembe mara mbili tatu kwa msimu. Mizizi ya mparachichi inayokula iko juu sana, mingi ndani ya sentimeta 30 za kwanza za udongo. Kila tuta linalosogea karibu na mche linaikata, na kila mzizi uliokatwa ni mlango wa ugonjwa. Zaidi ya hapo, viazi ni walafi wa potashi na hawaachi kitu. Mwaka wa kwanza sawa. Mwaka wa tatu unakuwa umevuna viazi na kuchosha ardhi ya parachichi kabla parachichi halijaanza kazi.

Sasa tufanye ile hesabu ambayo wahubiri huikimbia. Mfuko wa urea una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Marejea iliyostawi kawaida huweza kuacha kilo 50 hadi 100 za nitrojeni kwa hekta, wakati mwingine zaidi. Kwa ekari hiyo ni kilo 20 hadi 40, sawa na mfuko mmoja au miwili ya urea. Na si yote iliyotoka hewani. Sehemu mmea uliiokota ardhini. Kwa bei ile ya ruzuku ya 2022, thamani yake ilikuwa kama shilingi 60,000 hadi 120,000. Toa mbegu, toa kulainisha ardhi na kupanda, toa kufyeka. Sehemu nyingi utakuwa umebaki na sifuri au deni.

Kuna jambo jingine linaloizidishia hesabu hii ubaya. Mparachichi wa mwaka mmoja hauhitaji nitrojeni nyingi, na mizizi yake haijafika katikati ya mistari. Ukifukia marejea pale ilipoota, chakula unachokitengeneza kiko mita tatu kutoka kwa mlaji, na mvua kubwa ya kwanza itakizamisha chini kikiwa nitrati, yaani nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana kwenye matunda namna nzuri ya kuitumia si kufukia. Ni kufyeka inapoanza kuchanua, kabla shina halijawa mti, kisha kuikusanya na kuitandaza kuzunguka mche, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya majani na shina ili gome lisioze. Ukifanya hivyo ardhi yote ya ekari inalisha maduara 82.

Hapo ndipo faida zinapoanza kuonekana, na ya kwanza ni palizi. Tuseme kijijini kwenu palizi moja ya ekari ni shilingi 50,000, na kwa msimu unapalilia mara tatu. Marejea iliyopandwa kwa msongamano hufunga ardhi ndani ya wiki sita hivi, na sangari na majani ya kawaida hukosa mwanga. Kazi inabaki kusafisha maduara ya miche na kufyeka mara moja au mbili. Palizi mbili zikiondoka, umeshaokoa zaidi ya thamani ya mfuko wa urea wa ruzuku. Weka bei za kwenu, hesabu itabadilika lakini upande wake sidhani. Anayetumia dawa ya kuua magugu ataniambia dawa ni rahisi zaidi, na kwa mwaka mmoja yuko sahihi. Tatizo ni kwamba dawa inaacha udongo uchi mwezi wa kwanza hadi wa nne, wakati mvua inapiga, na mashamba mengi ya parachichi ya nyanda za juu yako kwenye miteremko. Udongo wa juu ukishuka bondeni hakuna wakala anayeuuza.

Faida ya pili ni maji ya kiangazi. Kusini mvua ikikata Mei, mche unakaa hadi Novemba bila tone, isipokuwa kwa mwenye mpira wa umwagiliaji. Majani yaliyotandazwa hupunguza joto la udongo na uvukizi. Hili kila bibi anayefunika mgomba analijua, halihitaji takwimu.

Ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote na ndiyo isiyosemwa kabisa: kuoza kwa mizizi. Parachichi duniani kote huuawa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kinachoishi kwenye udongo wenye maji yaliyotuama. Majani yanaanza kuwa madogo na ya manjano, matawi ya juu yanakauka, na mwenye shamba anaongeza urea akidhani mti una njaa. Kule Australia, kwenye mlima Tamborine jimboni Queensland, kulikuwa na mkulima aitwaye Ashburner ambaye miaka ya 1940 alianza kupanda kati ya miparachichi yake fiwi na mahindi majira ya joto, na lupini, mkunde mwingine, majira ya baridi, akiongeza samadi ya kuku na chokaa. Miti ya majirani ilikufa kwa ugonjwa huo, yake ikadumu. Watafiti Broadbent na Baker walipouchunguza udongo wake, katika kazi waliyoitoa mwaka 1974, walikuta kimelea kipo ila kimekandamizwa na wingi wa viumbe wengine wanaoishi kwenye mboji. Wakulima wa nchi nyingine wameiga mfumo huo kwa namna zao. Fiwi ile ni hii yetu, inayoliwa kwa wali huko Arusha na Murang'a. Mti mmoja uliokomaa ukifa unakufa na mavuno ya miaka mingi mbele. Linganisha hasara hiyo na mfuko wa urea ndipo uone kwa nini nasema mizani imekosewa.

Kwa mazingira mapana, hesabu ina pande mbili. Kutengeneza mbolea ya nitrojeni kiwandani kunakula gesi asilia nyingi, na urea ikishamwagwa shambani juu ya udongo, sehemu hupotea hewani kama amonia. Sehemu nyingine hutoka kama oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha dunia joto karibu mara 270 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Kuna pia uchachu: mbolea za amonia zinazidisha uchachu wa udongo, na nyanda za juu kusini tayari ni chachu. Lakini asikudanganye mtu kwamba mikunde haina dhambi. Ukifukia majani mabichi mengi kwenye udongo uliolowa, gesi ileile hutoka. Tofauti inatokana na namna na wakati, na kutandaza juu kwa kiasi kunapunguza ubaya huo.

Niende sasa kwenye hasara, kwa sababu wanaopigia debe kilimo hai wana tabia ya kuziruka. Upupu usiowasha hupanda miti. Ukiusahau wiki tatu mwezi wa mvua utakuta mche umevikwa blanketi. Nyoka na panya hupenda vichaka vyake, na mama anayeingia asubuhi kuokota kuni ana haki ya kuuchukia. Kwenye parachichi changa mimi ningeuacha kabisa, nikabaki na marejea na fiwi. Kiangazi majani makavu ni kuni. Njombe na Mufindi, ambako moto wa kusafisha mashamba na wa misitu ya paini husambaa kila mwaka, shamba lenye matandazo bila barabara ya moto kuzunguka mipaka ni kujitafutia msiba. Mkunde ulioachwa umesimama baada ya mvua kukata hunywa maji ya mti. Na nitrojeni ikija kwa wakati mbaya inaharibu tunda lenyewe: mwembe unaopata nitrojeni nyingi karibu na msimu wa kuchanua unatoa majani badala ya maua, na Hass yenye nitrojeni nyingi na kalsiamu kidogo huwahi kuwa nyeusi ndani ikiwa safarini. Kontena linalokaa wiki kadhaa baharini halisamehe hilo.

Tena mkunde hautengenezi potashi wala fosfati. Hili Wahaya wanalielewa bila kufundishwa. Kibanja cha Kagera, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, kiliishi karne nyingi kwa majani yaliyokatwa rweya, nyika ya malisho, na samadi ya ng'ombe, yaani rutuba ilihamishwa kutoka nyikani kuletwa migombani. Rweya imepungua, imegawiwa kwa miti na chai, na ng'ombe ni wachache. Utafiti uliofanyika Bukoba ulijaribu kuziba pengo hilo kwa mikunde. Nitrojeni inakuja, sawa. Lakini mgomba unakula potashi kuliko kitu kingine, na kila mkungu unaopakiwa kwenda Mwanza au Dar es Salaam umeondoka nayo. Pale mkunde ni nusu ya dawa. Majivu, samadi na maganda kurudishwa shambani ndiyo nusu ya pili. Kwenye udongo mchachu wa Njombe, kitu cha kuambatana na marejea ni fosfati ya mwamba inayochimbwa Minjingu, inayoyeyuka vizuri zaidi kwenye uchachu na isiyokatazwa kwenye kilimo hai.

Muheza, kwenye machungwa ya Tanga, ni habari nyingine. Wenye michungwa wengi hawaweki mbolea ya aina yoyote, na matunda huuzwa yangali mtini kwa mfanyabiashara, mara nyingi wa kutoka Kenya, kwa bei ya jumla ya shamba. Anayeuza hivyo kwa nini ahangaike na udongo? Mavuno yakiongezeka msimu wa furiko la machungwa, bei inaanguka na faida inaenda kwa mwenye lori. Kabla ya kupeleka mbegu za marejea Muheza, pelekeni mnunuzi anayelipa kwa kilo.

Soko la parachichi, kwa upande wake, limeanza kuzungumza lugha hii. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mazao ya kilimo hai, namba 2018/848, ilianza kutumika Januari 2022. Inataka rutuba ya mazao ya kudumu itunzwe kwa mazao ya muda mfupi ya mbolea ya kijani na mikunde, pamoja na uanuwai wa mimea. Imeandikwa humo wazi. Zamani mzalishaji wa nje aliweza kupita kwa viwango vinavyolingana. Sasa anatakiwa kufuata kanuni yenyewe, na kikundi cha wakulima wadogo kisizidi wanachama 2,000. Kwa hiyo kikundi cha Rungwe kinachouza parachichi hai Ulaya kitaulizwa na mkaguzi mikunde iko wapi. Kujibu kwamba ardhi yetu ina rutuba ya asili hakutasaidia.

Swali linalobaki ni nani anafanya kazi na nani anapata. Sehemu nyingi palizi ya jembe ni kazi ya mwanamke, na fedha ya parachichi, zao la kudumu lililopandwa kwenye ardhi ya ukoo, huingia mfukoni kwa mume. Mbolea ya kijani inaondoa palizi na kuleta kufyeka, ambako kwa desturi hufanywa na wanaume. Baba anayeamua anaona kazi mpya imeongezeka kwake. Siku alizookoa mama hazimo kwenye daftari. Nikisikia mradi umelalamika kwamba wakulima hawapokei teknolojia, naanza kuuliza ni nani aliitwa kwenye mkutano. Njia moja ya kulainisha jambo hili iko kwenye sufuria. Marejea ni mboga. Kisumu na Kakamega majani yake huuzwa sokoni kwa fungu, wenyewe wanaiita mitoo. Fiwi nayo inatoa maharage. Mama akichuma mboga ya kuuza wiki chache kabla ya kufyeka, shamba limelipa kitu mwaka wa kwanza, na kilichochumwa hakipunguzi matandazo kwa kiasi cha kutisha.

Sasa nenda duka lolote la pembejeo Njombe mjini ukaulize mbegu za marejea. Utapata urea, utapata viua magugu vya kila rangi ya kopo. Mbegu za marejea utaambiwa ujaribu kwa watawa, au kwa jirani. Mfumo wetu wa ruzuku unamjua mkulima kwa namba, unajua ekari zake na zao lake, na unamlipia sehemu ya mfuko. Ungeweza kumlipia kilo chache za mbegu za mikunde kwa mfumo uleule kama mbegu ingekuwepo. Utaratibu wa kuizalisha upo: mbegu za daraja la kuazimiwa, zinazokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, zinawaruhusu wakulima kuzalisha mbegu na kuziuza katika eneo lao. Kikundi kimoja katika kila kata ya parachichi, ekari moja ya marejea iliyoachwa ikomae, kingetosha kuanza. Kampuni zinazonunua tunda kwa ajili ya Ulaya zina sababu ya kuchangia, maana cheti kikipotea zinakosa mzigo.

Mpaka hapo, mwenye ekari ya parachichi asisubiri mtu. Apande marejea mstari mmoja, aruke mmoja, mvua za Novemba zikishashika; mistari inayorukwa aweke maharage au viazi vyake. Aandike siku za palizi kila upande, na mwezi wa Septemba achimbe kwa kidole chini ya matandazo na chini ya udongo uchi. Akiona tofauti ya unyevu hailipi kazi ya kufyeka, aache. Ekari ni yake.